"Pesa Iko" Si Hesabu

Leo hatuandiki juu ya mgao wala juu ya wale waliopata safari ya kwenda ng'ambo. Tunaandika juu ya jambo lililotuuma sisi wenyewe, na ambalo tumekaa nalo muda mrefu tukiona aibu kulisema. Tunaandika juu ya pesa za klabu.

Wengi wenu mnajua klabu za namna hii. Wanafunzi wa sekondari wanakaa pamoja, kila mmoja anatoa shilingi kumi kila Ijumaa, na pesa hiyo inanunua daftari, sabuni, pedi na sare kwa wenzao ambao nyumbani hakuna kitu. Yetu ilianza hivyo hivyo, tukiwa kidato cha tatu. Tulipomaliza kidato cha nne hatukuenda mbali, maana mkimbizi utaenda wapi? Tukabaki kama walezi wa kujitolea wa wadogo zetu. Wenzetu waliopelekwa Marekani, Kanada na Australia wakawa wanakumbuka walikotoka, wanatuma kidogo kidogo. Klabu ikakua. Tukajivuna.

Halafu ukaja mwezi wa kwanza wa mwaka ambao hatutausahau.

Kulikuwa na binti mmoja hapa kambini aliyefanya vizuri mtihani wa darasa la nane, akaitwa shule ya bweni nje ya kambi. Mnajua barua ya shule inavyotaka: sanduku la chuma, godoro, sare mbili, viatu vyeusi, ndoo, na nauli juu yake. Mama yake anauza kuni. Tukasema huyu ni wetu, hatabaki. Wanafunzi walichanga wakafikisha shilingi 8,600, nyingi zikiwa sarafu. Wenzetu wa ng'ambo wakatuma 15,000. Jumla 23,600. Kwa klabu ya wanafunzi wakimbizi, hiyo ni pesa ya kukufanya usilale.

Pesa yote ikaingia kwenye laini ya mweka hazina wetu. Huyu hakuwa mtu wa mchezo. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye hesabu darasani, anasali, hapendi makelele. Tulimchagua kwa mikono yote kupandishwa juu. Ilikuwa laini yake ya kila siku, ile ile anayopigia mama yake, na ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha rafiki yake mwenyeji. Hatukuona shida. Tulisema, si ni ndugu yetu?

Ijumaa ya kwanza tukauliza, "Ndugu, ile pesa ya sanduku?" Akajibu, "Pesa iko." Tukashukuru. Ijumaa ya pili, "Pesa iko, nangoja bei ya godoro ishuke." Ijumaa ya tatu, "Pesa iko, kwani mnaniona mimi ni mwizi?" Tukaona haya, tukanyamaza. Ijumaa ya nne hakuja.

Tulipomfikia hatimaye na kukaa naye chini ya mti na simu mkononi, ukweli ulikuwa hivi. Alikuwa na deni la Fuliza kwenye laini ile. Mnajua Fuliza ilivyo: ukidaiwa, pesa yoyote ikiingia inakatwa yenyewe, haiulizi ni ya nani. Zile 8,600 zilipoingia tu, 5,350 zikaondoka sekunde hiyo hiyo. Akaogopa kutuambia. Wiki hiyo mdogo wake akaugua, wakatakiwa kwenda Lodwar, akachukua 4,000, akijisemea anaazima tu, posho ikitoka anarudisha. Sasa shimo likawa kubwa kuliko posho yake. Ndipo akaanza kubeti. Mkeka wa kwanza ulilipa, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa kubwa kuliko zote. Kufikia katikati ya mwezi wa pili, kwenye laini zilibaki shilingi 310.

Yule binti aliripoti shule akiwa amechelewa wiki nne. Alienda na sanduku la kuazima lisilo na kitasa, na godoro alilopewa na mwalimu mmoja mwenye huruma. Tulimfuata tukamwomba msamaha. Alitujibu neno moja ambalo tunaliandika hapa ili nasi lituume tena: "Pesa si kitu. Lakini mliniambia ningoje, nikangoja."

Na sisi tulifanya nini? Tulifanya vile vijana wengi wanafanya. Tulichukua picha ya mwenzetu tukaiweka kwenye makundi ya WhatsApp tukaandika MWIZI kwa herufi kubwa. Kwa siku mbili tulijiona mashujaa wa haki. Mama yake akaacha kuja kanisani. Wenzetu wa Kanada wakaandika kwamba hawatumi tena. Wanafunzi wa kidato cha pili wakaacha kutoa zile shilingi kumi. Halafu, usiku mmoja tukiwa tumekaa wenyewe, mmoja wetu akauliza: "Kwani sisi, kwa wiki zote hizo, kuna hata mmoja aliyesema, tuonyeshe simu?"

Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyekuwa amesema.

Ndiyo maana leo tunasema wazi, na anayetaka kubisha abishe: pesa nyingi za vikundi vyetu hazipotei kwa sababu tumechagua watu wabaya. Zinapotea kwa sababu tunamchukua mtu mzuri, mwenye njaa kama sisi, tunamwachia pesa peke yake, halafu tunaita hiyo "kuaminiana". Kwa maoni yetu, kumkagua rafiki si kumtukana. Kumwacha peke yake na pesa ya watu ndiko kumtupa.

Hatusemi hakosi mtu mwenye nia mbaya. Wapo. Lakini mwizi wa kweli na mtu mwema aliyebanwa wote wanapita mlango mmoja. Ukifunga mlango huo, umemzuia wa kwanza na umemwokoa wa pili.

Tunajua jibu linalokuja. Tumelisikia kwenye mikutano: "Mambo ya mahesabu na risiti ni ya Wazungu na ofisi zao. Sisi tumetoka vitani pamoja, tunaaminiana." Maneno matamu hayo. Lakini hebu tembea Kakuma 1 siku ambayo mama zetu wanakutana kwenye kikundi chao cha akiba. Utakuta wamekaa mkekani kwa duara. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa wanawake watatu tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa wa nne ambaye hana ufunguo hata mmoja. Halifunguliwi mpaka wote wawepo. Pesa inahesabiwa mbele ya macho yote, inatajwa kwa sauti, na kila mtu anatakiwa kuikumbuka kichwani mpaka mkutano ujao. Mkutano ukianza tena, swali la kwanza ni: mara ya mwisho tulifunga na ngapi? Wanajibu kwa pamoja kama wimbo.

Njia hii ya sanduku ilianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini, na leo imeenea Afrika nzima. Wengi wa mama hawa hawakupata nafasi ya kusoma. Sisi tuna cheti cha kidato cha nne, tumesoma vitabu vya biashara, tunajua kuchora majedwali kwenye kompyuta. Na bado wao pesa yao iko kwa idadi, na sisi pesa yetu "iko" tu. Mama mmoja wa kikundi hicho tulipomweleza yaliyotupata alicheka kidogo kisha akasema, "Wanangu, sisi hatufungi sanduku kwa sababu dada yangu ni mwizi. Tunalifunga ili kesho niendelee kumwita dada."

Kwa hiyo si mambo ya Wazungu. Wahenga wa Kiswahili walisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwetu Kongo, waliosoma kwa Kifaransa wanajua ule usemi kwamba hesabu nzuri hufanya marafiki wazuri. Ni hekima yetu sisi. Tuliiacha nyumbani kwa mama tukaenda kuitafuta kwenye warsha.

Tulianza upya na klabu ile ile, kwa mashaka. Tunaandika hapa vile tunavyofanya sasa. Hatujifanyi wataalamu. Kikundi chochote cha vijana kinaweza kuiga, na kama mna njia bora zaidi, mtufundishe.

Kwanza, pesa ya klabu haikai kwenye laini ya mtu. Tumetafuta laini ambayo kazi yake ni moja tu. Haina Fuliza, haina mkopo wa aina yoyote, haipigiwi simu za nyumbani. Kadi yenyewe inatunzwa na mmoja. Namba ya siri ina tarakimu nne: wawili wengine wanajua tarakimu mbili mbili kila mmoja. Ili pesa itoke, watatu lazima wakutane uso kwa uso. Ni zile kufuli tatu za mama zetu, ila zimeingia kwenye simu. Inachosha? Ndiyo. Mara moja mmoja alikuwa na malaria tukangoja siku tano kununua sabuni. Lakini heri kungoja sabuni siku tano kuliko kungoja sanduku wiki nne na lisije.

Pili, kila Ijumaa hesabu inasomwa kwa sauti: tulianza na ngapi, zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Inaandikwa kwa kalamu ya wino, si penseli, na ukikosea unakata mstari mmoja na kuweka sahihi, hupaki rangi nyeupe. Simu inazungushwa kila mtu aone salio kwa macho yake. Tunasema salio, si meseji, kwa sababu meseji ya M-Pesa ya uongo inatengenezwa na mtoto wa darasa la saba. Mwisho wa mwezi tunatoa stetimenti na mwanafunzi ambaye si kiongozi ndiye anailinganisha na daftari. Huyo anachaguliwa kwa kura ya vikaratasi siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna anayejua mapema atakuwa nani.

Tatu, anayeamua si anayenunua, na anayenunua si anayeandika. Wanaenda sokoni wawili, wanauliza bei maduka matatu, wanaandika zote tatu. Hapa kuna ujanja tuliougundua na lazima tuuseme: kuna wauza duka wanaokupa risiti tupu yenye muhuri, ujijazie mwenyewe. Wanakufanyia kama hisani. Ukipokea risiti tupu, umeshaanza kuiba hata kama bado hujaandika kitu. Na pale ambapo risiti haipo kabisa, maana mama wa mboga au kijana wa boda boda atakupa risiti gani, tunaandika karatasi: tumelipa nini, kiasi gani, kwa nani, siku gani. Aliyelipwa anaweka sahihi au dole gumba, na wawili wanashuhudia.

Nne, mambo ya undugu yanasemwa mapema. Kama duka la sare ni la mjomba wako, sema. Kama mtoto anayependekezwa kupewa viatu ni mdogo wako, sema, halafu toka nje wenzako waamue. Si dhambi kuwa na ndugu maskini, sote tunao. Ubaya ni kukaa kwenye kiti cha kuamua huku umeficha undugu.

Tano, jina kwenye orodha lazima liwe na mtu nyuma yake. Hili la majina hewa tunalifanyia mzaha, lakini si mzaha. Wenzetu wa Uganda wanakumbuka uhakiki wa mwaka 2018, serikali na UNHCR walipowaandikisha upya wakimbizi kwa alama za vidole na macho. Kabla ya hapo hesabu ilikuwa imefika takriban milioni 1.4. Waliothibitishwa walikuwa takriban milioni 1.1. Si kila jina lililokosekana lilikuwa la wizi, wengine walihama, wengine waliandikwa mara mbili. Lakini doa lilibaki, na lilimgusa mkimbizi wa kweli aliyepanga mstari juani na mtoto mgongoni. Klabu yenye majina kumi ya uongo inafanya jambo lile lile kwa kipimo kidogo. Kwa hiyo kwetu, aliyegawa vitu siye anayefuatilia. Mtu mwingine anatembea wiki inayofuata anauliza kwa upole, "Ulipokea nini? Vilikuwa vingapi?" Majina yanabaki kwenye daftari kwa mlezi na mwalimu. Hatubandiki ukutani wala hatuweki picha za watoto mtandaoni wakiwa wameshika pedi na sabuni. Uwazi ni juu ya pesa, si juu ya umaskini wa mtu.

Na hapo hapo tuseme neno ambalo wavulana wenzetu hawapendi kulisikia. Kutumia vibaya mali ya klabu si pesa peke yake. Mvulana anayegawa pedi halafu anataka namba ya simu, anataka "shukrani", anataka binti amtembelee jioni, huyo ameiba kitu kikubwa kuliko shilingi. Kwetu anatolewa siku hiyo hiyo na jambo linapelekwa kwa wanaohusika na ulinzi. Halizungumzwi kifamilia. Msaada ni bure, na bure maana yake bure.

Sita, na hili ndilo tulilojifunza kwa uchungu: tumeweka njia ya kusema "nimebanwa". Mwenzetu alianza kuanguka siku alipokuwa na mdogo wake mgonjwa na hana pa kusemea. Sasa klabu ina mfuko mdogo wa dharura, na mwanachama yeyote, hata kiongozi, anaweza kuomba mbele ya kikao. Tunaamua pamoja, tunaandika, anapewa kama msaada au kama mkopo wenye tarehe. Kuazima kimya kimya hakuna tena, hata shilingi hamsini ya kuweka bando. Kama angekuwa na mlango huo wakati ule, tunaamini angegonga.

Sasa tunageuka kwenu, dada na kaka zetu wa mashirika. Tunaomba mtusikie bila kukasirika, maana na sisi tumejisema kwanza.

Mnatuletea fomu nzuri za matumizi, lakini mara nyingi bajeti haina nafasi ya usafiri. Mnatutaka tupeleke vitu Kalobeyei, ni kilomita nyingi kwa jua lile, na mvua ikinyesha laga inajaa maji hakuna kupita. Boda boda halipandi kwa imani. Basi kijana anafanya nini? Anaongeza bei ya daftari kwenye risiti ili apate nauli. Hakuiba, lakini ameshajifunza kughushi, na mkono ukizoea kughushi kwa haki, kesho utaghushi kwa tamaa. Wekeni nauli kwenye bajeti, hata ikiwa ndogo, tuandike ukweli.

Pili, mnatuambia "fungueni akaunti ya kikundi", kisha mnaondoka na gari. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na kikundi cha watu kumi au zaidi chenye katiba kinaweza kuandikishwa. Lakini kijana ambaye karatasi zake bado ziko njiani, anayezungushwa kutoka dirisha hili kwenda dirisha lile, anachoka. Mwisho pesa inaingia kwenye laini ya mtu mmoja, tena ya kitambulisho cha kuazima, na ikipotea mnashangaa. Mfanyakazi mmoja akitembea na viongozi wa kikundi asubuhi moja tu mpaka ofisi inayohusika, amezuia wizi mwingi kuliko warsha ya siku tatu yenye soda na mandazi.

Tatu, na hili ni zito. Sisi tulipogundua yaliyotokea, tulikuwa na chaguo. Tungeweza kutengeneza risiti za sanduku na godoro, maana wafadhili wetu wako mbali, hawangejua. Baadhi yetu walitaka hivyo, na tusidanganyane, walikuwa wengi. Tuliamua kusema ukweli na kutuma hesabu yote, pamoja na zile shilingi 310. Malipo yake yalikuwa kukatiwa msaada mwaka mzima. Hatuwalaumu waliokata, pesa ni yao. Lakini fikirini vikundi vingine vilivyoona yaliyotupata vilijifunza nini. Vilijifunza kwamba anayeficha anaendelea kupewa na anayesema ananyimwa. Kikundi kikija kwenu chenyewe na kusema "tumekosea, hii hapa hesabu, na hivi ndivyo tunarekebisha", kiulizeni maswali magumu, kipunguzieni kiwango, kikagueni kila mwezi. Lakini msikifungie mlango. Mkikifungia, mnawafundisha wote uongo.

Na kwetu vijana: mkikosea, semeni wiki ya kwanza. Deni la 5,350 lingesemwa Ijumaa ya kwanza, tungechanga tukalijaza, binti angeenda shule na kitasa kwenye sanduku lake. Shimo la wiki ya kwanza linajazwa na marafiki. La wiki ya sita linahitaji polisi.

Mtauliza mwenzetu yuko wapi. Yuko. Tulifuta picha yake, ingawa picha ikishatoka mtandaoni haifutiki kweli, na hilo ni deni letu sisi kwake. Tulienda kwa mama yake tukakaa. Alipopata kazi ya insentivu alianza kurudisha, shilingi mia tano kila mwezi, wakati mwingine mia tatu. Inaandikwa kwa wino kama pesa nyingine zote. Bado hajamaliza. Hashiki tena pesa za klabu, na hajaomba kushika. Lakini kila mwisho wa mwezi, wakati stetimenti inalinganishwa na daftari, yeye ndiye anawaonyesha wadogo zetu jinsi ya kusoma mistari ile, kwa sababu anajua mstari ulipo ambao mtu anaanza kupotea. Kuna waliokasirika kuona hivyo. Tuliwaambia wajaribu kutafuta mwalimu mwingine anayelijua somo hilo vizuri kuliko yeye.

Yule binti sasa yuko darasa la juu. Likizo iliyopita alikuja kwenye kikao cha Ijumaa, akakaa nyuma. Hesabu ikasomwa. Tulipofika mwisho, kabla mweka hazina mpya hajafungua mdomo, yeye akauliza kwa sauti, "Imebaki ngapi?"

Mweka hazina hakusema "iko". Alisema, "Elfu nne mia mbili na themanini," akampa simu aangalie mwenyewe. Akaangalia. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akatoa shilingi kumi mfukoni, akaiweka mezani, akangoja mpaka ilipoandikwa.

Kwa hiyo ndugu zetu, leo au Ijumaa hii, kwenye kikundi chenu cha mpira, cha kwaya, cha wanafunzi, cha wasichana, ulizeni swali hilo moja bila hasira na bila haya: imebaki ngapi? Kama jibu ni namba na iko wazi kwa wote, mshukuruni anayewatunzia. Kama jibu ni "pesa iko", msimpige, msimpige picha. Kaeni karibu naye siku hiyo hiyo, fungueni simu pamoja, na mhesabu.

Sisi vijana wenzenu wa kujitolea, Kakuma.